Kobe Gani wa Maji Anaifaa Nyumba ya Lamu

Katika hamamu ya nyumba ya mama yangu hapa Lamu, kama ilivyo katika nyumba nyingi za mawe za mji wa kale, kuna birika lililojengwa kwa chokaa na matumbawe, na ndani yake wamo samaki wadogo ambao tangu zamani za mabibi zetu huwekwa humo wale viluwiluwi vya mbu. Mpwa wangu, ambaye sasa ana miaka 10, amekua akiwatazama samaki hao kila anapokwenda kuoga, kwa hivyo sikushangaa aliponijia jioni moja barazani, akaketi, akaniuliza: “Mjomba, na kobe je? Hatuwezi kumtia birikani?”

Jibu la birika nilimpa palepale. Haiwezekani, kwa sababu kobe angewala samaki wote kwa muda mfupi, angeyachafua maji ya kuogea na kutawadhia, na angeweza kututia maradhi ya tumbo nyumba nzima. Lakini nilijua kwamba birika lilikuwa kisingizio tu, na kwamba alichokitaka mtoto ni kufuga kobe wa maji. Nilimwomba anipe muda nilifikirie jambo hilo, na kulifikiria kwenyewe kulichukua miezi.

Nilikuwa na sababu ya kutokuwa na haraka. Miaka mingi iliyopita, nilipokuwa nikifanya kazi Mombasa na kuishi katika chumba cha kupanga, nilinunua kobe mdogo wa kijani mwenye mstari mwekundu nyuma ya kila jicho, ambaye gamba lake lilikuwa kubwa kidogo tu kuliko sarafu ya shilingi 20. Muuzaji alinihakikishia kwamba hatapita ukubwa wa kiganja, na kwamba bakuli la plastiki lenye kisiwa na mnazi wa plastiki katikati lingemtosha maisha yake yote. Nilimwamini. Nililiweka bakuli karibu na dirisha la kioo ili apate jua, nikawa nampa vidagaa vilivyokaushwa kutoka katika kikopo, na kila alipoonyesha njaa nilimwongeza.

Ilipopita miezi minane hivi nilimshika ili nimsafishe, na kidole gumba changu kikabonyea. Gamba lake, pale ubavuni, lilikuwa laini kama ukucha uliolowa majini kwa muda mrefu, na ukingo wake wa nyuma ulikuwa umeanza kujikunja kwenda juu. Nilimtia katika kikapu nikampeleka kwa daktari wa mifugo, ambaye kwa kawaida alitibu mbuzi na ng'ombe, lakini alipomgeuza na kumtazama hakuhitaji muda mrefu. Aliniambia kwamba mnyama huyu alikuwa akiyeyuka mifupa. Gamba la kobe si nyumba anayoibeba tu mgongoni. Ni mifupa yake mwenyewe, mbavu na uti wa mgongo vilivyoungana na kutandazwa, na juu yake kuna ngozi ngumu kama kucha. Ili mifupa hiyo iimarike anahitaji kalsiamu, na ili mwili uitumie kalsiamu anahitaji vitamini D3, ambayo yeye huitengeneza katika ngozi kwa nguvu ya miale ya jua iitwayo UVB. Kioo cha kawaida cha dirisha huizuia karibu miale hiyo yote. Kwa miezi minane nilikuwa nikimpa mwanga na joto nikidhani nampa jua.

Alipona, alhamdulillahi, ingawa ule mkunjo wa ukingo ulibaki. Akaendelea kukua. Alitoka bakulini akaingia beseni, akatoka beseni akaingia tangi, na alipofika sentimita 25 ndipo nilipoelewa kwamba alikuwa jike, kwa kuwa majike wa aina hiyo huwa wakubwa kuliko madume, na anapokuwa mdogo hakuna anayeweza kukwambia kwa kumtazama tu kwamba umenunua mkubwa au mdogo. Mwishowe nilimpeleka kwa familia moja iliyokuwa na bwawa lililozungushiwa ukuta, nikarudi nyumbani na tangi tupu na huzuni ambayo hadi leo sijaisahau. Sikumwachia mtoni, na katika habari yake yote hilo ndilo jambo moja ninaloshukuru kwamba nililifanya sawasawa.

Kobe huyo, ambaye nitamwita kobe wa masikio mekundu ingawa ule mstari si sikio, jina lake la kisayansi ni Trachemys scripta elegans. Asili yake ni bonde la mto Mississippi huko Marekani na sehemu ya kaskazini-mashariki ya Meksiko. Ndiye kobe wa maji wa kufugwa nyumbani aliyeuzwa kwa wingi kuliko wote duniani, na kwa kuwa wengi waliomnunua walikuwa wamedanganywa kama nilivyodanganywa mimi, wengi walimchoka, wakaenda kumwachia katika mito na mabwawa ya nchi zao, ambako aliwanyang'anya kobe wa kienyeji chakula na mahali pa kuota jua. Umoja wa Ulaya ulizuia kumwingiza tangu mwaka 1997, na yumo katika orodha ya viumbe vamizi 100 vibaya zaidi duniani iliyotolewa na IUCN, muungano wa kimataifa wa kuhifadhi mazingira. Anastahimili joto, anastahimili maji machafu, na anastahimili hata maji yenye chumvi kidogo. Mnyama wa namna hiyo akitupwa katika dimbwi la bara letu au katika delta ya mto Tana, atakaa.

Kabla ya kuingia katika uchaguzi wenyewe, ilinibidi nimwondolee mpwa wangu wazo moja. Aliwahi kuona watoto wa kasa wakitoka mchangani na kukimbilia maji, na alikuwa na hakika kwamba mmoja wao akiwekwa katika ndoo ya maji ya bahari angeishi. Watu wa mwambao hawachanganyi kobe na kasa, lakini mtoto huona umbo moja. Nilimweleza kwamba kasa anayeanza maisha akiwa na urefu wa kidole hufika mita moja na zaidi, kwamba huchukua miaka 20 au 30 na hata zaidi kabla ya kutaga, na kwamba maisha yake ni safari ya bahari kuu ambayo hakuna kioo kinachoweza kuikusanya. Babu zetu waliwavua kasa kwa kutumia taza, yule samaki anayegandama, na gamba la ng'amba lilikuwa bidhaa ya pwani hii kwa karne nyingi. Leo tunaona matokeo yake, kwani kila mvuvi mzee atakwambia kwamba wamepungua. Aina tano za kasa wanaopatikana katika bahari ya Kenya zote zinalindwa, na mkataba wa CITES umezuia biashara yao ya kimataifa. Kumchukua mmoja, hata mtoto, hata yai, ni kosa la jinai, na mimi ningeliona kuwa kosa hata kama sheria isingekuwapo.

Kutoka hapo kwa kasa, hata hivyo, tulipata somo lililotufaa. Kasa anapopanda pwani kutaga huonekana analia, na yale si machozi ya uchungu: karibu na macho ana tezi zinazotoa chumvi iliyozidi mwilini. Kobe wa maji matamu hana tezi kama hizo. Jambo hili lina uzito kwetu kwa sababu maji ya Lamu yana historia yake. Mji unakunywa maji yanayotoka chini ya vilima vya mchanga vya Shela, lakini visima vingi vya majumbani vina maji ya magadi, ambayo ulimi uliozoea hauyasikii tena, na wakati wa ukame chumvi huzidi. Kwa hivyo tulikubaliana kwamba tangi litajazwa maji ya mvua kutoka jabia, au maji ya mfereji yaliyoachwa wazi kwa siku nzima ili klorini ipungue, na si maji ya kisima cha uani.

Nikaja katika ukubwa. Hapa nilitumia chaki badala ya maneno. Nilimpa mpwa wangu rula, nikamwambia achore sakafuni gamba la kobe wa masikio mekundu jike aliyekomaa, urefu wa sentimita 28, kisha pembeni yake achore la kobe wa miski, aina ndogo ambayo nitaieleza mbele, sentimita 12. Alichora la kwanza kwa mkono mmoja, la pili akalichora kwa uangalifu zaidi, akaketi kati ya michoro hiyo miwili akiiangalia. Kisha nikamfundisha hesabu ambayo wafugaji huitumia, kwamba kila sentimita moja ya gamba idaiwe lita 15 hivi za maji. La kwanza linataka lita 420. La pili linataka lita 180.

Lita moja ya maji ni kilo moja, na katika nyumba zetu jambo hili si la kupuuzwa. Vyumba vya Lamu ni vyembamba na virefu kwa sababu upana wake unafuata urefu wa boriti za mikoko, ambao hauzidi sana mita 3, na sakafu ya orofa inabebwa na boriti hizo zenye umri wa vizazi kadhaa. Lita 420 za maji, pamoja na kioo, mawe na meza, ni zaidi ya nusu tani iliyokaa usiku na mchana juu ya sehemu moja ya dari. Sitaki kabisa kulifikiria hilo juu ya kichwa cha mama yangu akiwa amelala. Hata lile la lita 180 tuliamua likae chini, karibu na kiwanda, yaani ua wa ndani ya nyumba, kando ya ukuta mnene ambao hauruhusu joto la adhuhuri kupenya. Tangi lenyewe, sentimita 100 kwa 45 kwa kimo cha 45, lilifika Mokowe kwa basi likiwa limefungwa kwa magodoro, likavushwa kwa mashua, likaingizwa vichochoroni na mahamali wawili waliotembea kwa ubavu kila walipokutana na punda. Lingekuwa kubwa mara mbili yake, sidhani lingepita kona ya mtaa wetu.

Watu wengi hudhani kwamba shida ya kobe ni chakula, kumbe shida yake ni choo. Anakula majini na kwenda haja majini, na uchafu wake ni mwingi kuliko wa samaki wa uzito huohuo. Uchafu huo hutoa amonia, ambayo ni sumu. Bakteria wanaoishi katika chujio huigeuza amonia kuwa nitriti, ambayo nayo ni sumu. Bakteria wengine huigeuza nitriti kuwa nitrati, ambayo madhara yake ni madogo na ambayo huondolewa kwa kubadilisha sehemu ya maji kila wiki. Bakteria hao hawanunuliwi wakaja siku hiyohiyo wakafanya kazi. Huchukua wiki nne hadi sita kuongezeka. Kwa sababu hiyo tangi hutangulia, na kobe hufuata. Na pampu ya chujio isinunuliwe kwa kufuata maandishi ya sanduku, kwa maana lita zinazoandikwa pale ni za samaki. Kwa kobe chukua linaloandikiwa tangi kubwa mara mbili au tatu ya lako. Stima ikikatika saa nyingi, kama inavyotokea, bakteria wale hukosa hewa wakaanza kufa, na baada ya hapo maji yapimwe kabla ya kumlisha mnyama.

Sasa aina zenyewe. Baadhi yake nilizipita haraka. Kobe wa gamba laini, kama yule wa Uchina, ni mwogeleaji wa ajabu ambaye hujifukia mchangani akatoa pua tu, lakini shingo yake ni ndefu, huuma kwa kasi, na ngozi yake hupata vidonda kwa urahisi. Si mnyama wa mtoto wa miaka 10. Kobe wa kung'ata wa Marekani, Chelydra serpentina, simtaki katika nyumba yoyote yenye vidole. Wale wa jamii ya Graptemys, ambao magamba yao yana mistari kama ramani, ni wazuri sana, lakini hawavumilii maji yaliyochafuka hata kidogo, na majike wao huwa wakubwa mara mbili au zaidi ya madume.

Mmoja alinishughulisha zaidi ya wengine, na nakiri kwamba kwa wiki mbili nilikuwa nimemchagua. Huyo ni Malaclemys terrapin, kobe wa pwani ya mashariki ya Marekani mwenye ngozi ya kijivu iliyonyunyiziwa madoa meusi na gamba lenye miduara kama ya mti uliokatwa. Yeye ni miongoni mwa kobe wachache sana wasio wa bahari wanaoishi katika maji yaliyochanganyika chumvi, na ana tezi ya kuitoa chumvi hiyo kama kasa. Huko visiwani kusini mwa Florida anaishi katika mikoko. Nilijiambia kwamba hapa ndipo maji ya kisima chetu yangekuwa neema. Kisha usiku mmoja, nikirudi kutoka Manda kwa mashua maji yakiwa yamejaa, tulipita kando ya mikoko, taa ya mashua ikamulika mizizi na kaa juu yake, nikafikiria kobe mmoja akitoroka, au mjukuu wa mtu akimchoka na kumtupa. Kobe wa masikio mekundu angelazimika kuvumilia hapo. Huyu angekuta kila kitu alichoumbiwa. Sababu ileile iliyonifanya nimpende ndiyo iliyonifanya nimkatae, na sijajutia.

Na wa kwetu je? Watu wengi hawajui kwamba Afrika Mashariki ina kobe wake wa maji matamu. Wako wa jamii ya Pelusios, ambao sehemu ya mbele ya gamba la tumboni ina bawaba na hujifunga kama mlango, na wako wa jamii ya Pelomedusa, wasio na bawaba, ambao dimbwi linapokauka hujizika katika tope wakasubiri mvua. Wote hawarudishi kichwa ndani moja kwa moja. Hukilaza ubavuni chini ya ukingo wa gamba. Mwaka 2014 wanasayansi walipoigawa jamii ya Pelomedusa katika spishi kadhaa, mmoja wa Tanzania walimpa jina Pelomedusa kobe, kwa neno letu hili hili la Kiswahili, na nilipolisoma hilo nilifurahi kama mtu aliyekuta jina la ukoo wake katika kitabu cha mbali. Mtu angedhani kwamba huyu wa nyumbani ndiye anayefaa: hali ya hewa ni yake, na akitoroka hakuna alichokivamia. Lakini hapatikani dukani. Angetoka porini, na kumtoa porini bila kibali ni kuvunja Sheria ya Uhifadhi na Usimamizi wa Wanyamapori ya mwaka 2013. Zaidi ya hayo, kobe huzaliana polepole, na jike mmoja mzima anayetolewa dimbwini ni hasara ambayo dimbwi hilo halifidii kwa miaka mingi. Tena si wadogo: Pelusios sinuatus, anayeishi katika mito mikubwa ya mashariki mwa Afrika, anaweza kupita sentimita 40. Wa kwetu tuwafuate walipo, tukae ukingoni tuwatazame.

Tukabaki na kobe wa miski, Sternotherus odoratus, wa mashariki mwa Marekani hadi kusini mwa Kanada. Jina lake linatokana na harufu anayoitoa chini ya ukingo wa gamba anapoogopa, na kwa sisi tuliokulia katika nyumba zenye miski, udi na haludi, inabidi niseme kwamba harufu hiyo haina uhusiano wowote na ile ya kichupa cha bibi. Lakini huitoa anaposhikwashikwa, na akizoea mahali pake huacha. Gamba lake ni la kahawia iliyokoza, limeinuka kama kuba. Kichwani ana mistari miwili ya njano kila upande, na kidevuni ana vindevu vidogo. Mara nyingi hukoma kwenye sentimita 8 hadi 13. Hapendi sana kuogelea. Hutembea chini, akipanda juu ya magogo na kushuka upande wa pili, na anaweza kukaa chini ya maji kwa muda mrefu kwa kuwa ulimi wake una vinundu vinavyofyonza oksijeni iliyomo majini. Kwa hivyo katika tangi letu tumeweka vipande vya mti vilivyolowekwa kwa wiki kadhaa, vimepandana kama ngazi, ili asichoke kufika juu kuvuta pumzi, na akiwa bado mdogo maji yatakuwa ya kina cha kiganja tu.

Chakula chake ni rahisi kwa mtu wa pwani: tembe za kobe ndizo msingi, kisha konokono wa maji matamu, minyoo, na kamba mbichi wasio na chumvi, kila siku akiwa mdogo na kila baada ya siku mbili tatu akikomaa. Kwa kalsiamu mpwa wangu amekwisha kukusanya mfuko mzima wa vile vigamba vyeupe vya dome, jamaa wa ngisi, vinavyotupwa na bahari ufukweni Shela. Tumevichemsha, tumevilowesha maji matamu mara kadhaa kutoa chumvi, na vimekauka juani. Kimoja kikielea tangini, kobe huking'ata atakapo.

Jua ndilo nililolipanga kuliko yote, kwa sababu ya yule wa Mombasa. Vitabu vya wafugaji wa nchi za baridi vimejaa habari za kupasha maji joto, na sisi hatuna haja nayo; maji ndani ya nyumba zetu hukaa kwenye nyuzi 26 hadi 29 bila msaada, na hofu yetu ni yazidi hapo. Tumefunga taa ya UVB juu ya jukwaa kavu, bila kioo kati yake na jukwaa, na nimeandika ukutani tarehe ya kuibadilisha, kwa sababu taa hiyo huendelea kuwaka hata baada ya miale yake yenye faida kwisha. Mwaka usipite bila kuweka mpya. Lakini tuko nyuzi 2 tu kusini ya Ikweta, na ingekuwa ajabu kumnyima mnyama jua lenyewe. Asubuhi, kabla halijawa kali, atatolewa kiwandani katika beseni pana lenye maji na kivuli nusu yake, kwa muda wa nusu saa, na mtu ataketi naye. Nasisitiza kuketi naye. Kunguru wa mji huu hawahitaji zaidi ya dakika moja kuchukua kitu cha ukubwa huo, na paka wa Lamu wanaingia kila mlango kana kwamba wanalipa kodi ya nyumba. Hata tangi lenyewe lina kifuniko cha wavu wa chuma kilichofungwa kwa waya.

Dada yangu, mama yake mtoto, alikuwa na wasiwasi wa maradhi, na alikuwa na haki. Kobe anaweza kubeba bakteria wa salmonela bila yeye mwenyewe kuugua. Marekani ilipiga marufuku mwaka 1975 uuzaji wa kobe wenye gamba lisilofika inchi 4, yaani sentimita 10 hivi, kwa sababu watoto walikuwa wakiwatia mdomoni na kuugua. Mdogo wake mpwa wangu ana miaka 3, kwa hivyo masharti ya dada yalikuwa makali nami niliyakubali yote: mikono ioshwe kwa sabuni kila baada ya kugusa kobe au maji yake, ndoo na mpira wa tangi visitumiwe kwa kazi nyingine, maji machafu yamwagwe kwenye mashimo ya choo na si jikoni, na yule mdogo asimguse kabisa mpaka afike umri wa kufahamu.

Alikuwa na swali la pili, ambalo mimi sikuwa nimelifikiria vya kutosha. Aliniuliza mtoto akienda sekondari ya bweni nani atabaki na kobe. Wako kobe wa miski waliovuka miaka 50 chini ya uangalizi wa watu. Mpwa wangu atasoma, ataoa inshallah, huenda akahamia Mombasa au Muskati kama ndugu zetu wengi, na kobe bado atakuwa hajafika nusu ya umri wake. Tuliketi sote watatu tukaafikiana kwamba atakapokuwa hayupo mimi ndiye nitakayebadilisha maji, na baada yangu yule mdogo, na mtoto mwenyewe akaandika makubaliano hayo kwenye ukurasa wa kwanza wa daftari la tangi, kwa hati yake kubwa, akatutaka tutie saini.

Jambo la mwisho ni karatasi. Kobe wa kigeni hapaswi kuingizwa wala kufugwa kiholela, na safari hii nilianza kwa kuuliza KWS, shirika la wanyamapori la Kenya, kabla ya kumtafuta muuzaji. Namshauri kila mtu aanze hapo. Wauzaji wawili niliozungumza nao kwa simu walinipa bei kwa haraka, lakini nilipotaja vibali mmoja akasema si lazima na mwingine hakupiga tena. Wa tatu, mfugaji wa Nairobi, ndiye aliyeniuliza kwanza ukubwa wa tangi, akanitaka nimpelekee picha yake, kisha akanionyesha vibali vyake bila kuombwa mara ya pili. Kobe alio nao wamezalishwa kwake, na hamtoi mmoja mpaka afikishe miezi sita na awe anakula vizuri. Bei yake iko juu kuliko ya wale wengine. Tumekubali.

Tangi limekwisha wiki ya sita likiwa na maji, mawe na pampu, bila kobe. Kila Ijumaa baada ya sala mpwa wangu huchota maji katika kijaribio, hutia matone, hungoja dakika tano akitazama saa ya ukutani, kisha hulinganisha rangi na kadi. Wiki ya tatu nitriti ilipanda hadi ikageuza maji kuwa zambarau, naye akaja mbio akidhani tumeharibu kila kitu. Ijumaa iliyopita, kama ile iliyotangulia, rangi haikubadilika hata kidogo. Aliandika sifuri, akaipigia mstari kwa rula, akaniuliza basi la Nairobi huondoka Mokowe saa ngapi.